Umeitwa kuhojiwa kazi ya ushuru? Bi Mkubwa ajibu barua zenu

Barua za mwezi huu karibu zote zina jambo moja, nami najua sababu: makampuni yamefunga hesabu za Juni, wengine wamechoka na maafisa wao, sasa wanatafuta wapya. Kwa mgeni wa ukurasa huu, mimi ni mama wa Mji wa Kale. Nimefanya kazi ya hesabu na ushuru hapa Mombasa tangu 1990 hadi nilipostaafu, na miaka ya mwisho nilikaa upande wa pili wa meza, nikihoji. Nimechagua barua tano.

*Bi Mkubwa, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 26, nakaa Likoni. Nina digrii ya biashara na mitihani ya uhasibu ya CPA niliimaliza mwaka jana. Kwa miaka miwili nimeandika hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi. Sasa nimeitwa na kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, ofisi zao ziko Shimanzi, nafasi ya afisa wa ushuru. Nina siku 9. Nimechapisha sheria ya VAT (ushuru wa ongezeko la thamani), ya ushuru wa mapato na ile ya taratibu za ushuru. Kila usiku nakariri mpaka saa saba, kukicha nimesahau yote. Tena wameniambia nije na mfano wa kazi niliyowahi kufanya. Nianze wapi?*
*Mwana wa Likoni*

Marahaba mwanangu. Anza kwa kulala. Hizo karatasi ziweke chini ya kitanda, utazihitaji ukishaajiriwa.

Nikueleze yaliyonifika. Februari 1990 nilipanda ngazi za ofisi moja Barabara ya Nkrumah, juu ya duka la vitambaa. Nilikuwa nimekariri ushuru wa mauzo kifungu kwa kifungu, kutoka daftari nililoazima kwa binamu yangu. Ambalo sikulijua, au nililisikia kwa sikio moja, ni kwamba ushuru ule ulikuwa umeshakufa. Januari ya mwaka uo huo VAT ilikuwa imeshika mahali pake. Mzee aliyenihoji, Mhindi wa Kikachi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniacha niseme mpaka mwisho. Kisha akasema, "Binti, marehemu umemzika vizuri sana." Nikajua kazi nimeikosa. Lakini hakunifukuza. Alinisukumia boksi la viatu lililojaa risiti, akaniambia nizipange kwa tarehe, nimwite nikimaliza. Nikakaa saa mbili nzima, jasho likinitiririka, feni imekufa. Katikati ya zile risiti nikaona moja ya dizeli imeingia mara mbili: ya kwanza ni ya asili, ya pili ni nakala yake ya kaboni. Nikaiweka kando na kijikaratasi. Mzee aliposoma kile kijikaratasi, hakuuliza tena swali lolote la sheria.

Tangu siku hiyo nimewahoji watu wengi, na kila mara nimetafuta macho yale ya kuona nakala ya kaboni. Viwango ni wageni, huja na kuondoka. VAT ilikuwa asilimia 16, ikashuka 14 Aprili 2020 wakati wa korona, ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Ushuru wa mapato ya nyumba za kupangisha ulikuwa asilimia 10, tangu Januari 2024 ni 7.5. (Huku kwetu, kabla sijasahau, kodi ni ya mwenye nyumba na ushuru ni wa serikali. Marehemu mama yangu akisikia mtu "hajalipa kodi" alikuwa akianza kumtafutia chumba.) Kiwango ukikisahau, sema utakihakiki kwenye sheria, na utaje ni sheria gani. Hakuna mwenye akili atakayekunyima kazi kwa hilo.

Sasa, katika siku zako 9, usiku mmoja keti ujiulize: kampuni hii inapataje pesa? Mteja ana kontena Kilindini. Anamtumia wakala shilingi 2,046,400. Katika hizo, milioni mbili ni za ushuru wa forodha, zinapita mkononi mwa wakala tu kuelekea serikalini. 40,000 ndiyo ada ya wakala, jasho lake. 6,400 ni VAT ya hiyo ada. Kwa hivyo mauzo ya wakala kwenye ritani, ile taarifa ya ushuru anayoiwasilisha serikalini, ni 40,000. Lakini benki inaonyesha milioni mbili na ushei zimeingia! Siku KRA, wakusanya ushuru wa serikali, ikiweka taarifa ya benki kando ya ritani za VAT, itauliza nyingine ziko wapi. Wakala asiyekuwa na karatasi za kuonyesha kwamba pesa zile zilikuwa za mteja, zikalipwa kwa ajili ya mteja, kwa entri ya forodha yenye PIN (namba ya ushuru) ya mteja, ataambiwa hayo yote ni mauzo yake. Asilimia 16 ya milioni mbili ni 320,000. Kontena moja hiyo, na wao hutoa ngapi kwa mwezi?

Ukiingia kwenye chumba kile ukawauliza wao, kwa adabu, "Pesa za ushuru wa wateja mnaziweka akaunti moja na ada zenu, au mbali?", utaona wakitazamana.

Endelea na mfano uo huo. Huenda mteja ni miongoni mwa walioteuliwa na KRA kuzuia VAT. Basi atakata asilimia 2 ya ile 40,000, yaani 800, aipeleke KRA yeye mwenyewe, na kwa kazi yake wakala atapokea 45,600. Watakuuliza ile 800 imekwenda wapi. Iko KRA kwa jina la wakala, na anaitoa kwenye VAT anayodaiwa mwezi huo. Mimi nimeona ofisi ambayo kwa miaka hakuna aliyewahi kuzikusanya hizo 800 kwenye iTax, mtandao wa KRA, wakilipa VAT kamili kila mwezi. Huo ni mtaji umelala.

Kuna na swali la zamani ambalo wahojaji hawalichoki: kiwango cha sifuri na msamaha vina tofauti gani? Usijibu kwa kifungu. Jibu kwa chai na ndizi. Chai iliyonunuliwa kwenye mnada wetu hapa Mombasa ikapakiwa melini kwenda ng'ambo ina VAT ya asilimia sifuri, na ndizi mbichi ya Kongowea imesamehewa. Wanunuzi wote wawili hawalipi VAT. Ila muuzaji wa chai anaweza kudai arudishiwe VAT aliyolipa kwenye magunia, umeme na maghala. Muuzaji wa ndizi hadai kitu, VAT aliyoilipa njiani ni gharama yake.

Tarehe ndizo utakazozikariri, na ni chache. Ushuru wa zuio, ule anaoukata mlipaji kabla ya kulipa, ndani ya siku 5 za kazi tangu ulipokatwa. PAYE, ushuru wa mishahara, tarehe 9 ya mwezi unaofuata. VAT tarehe 20. Kwa kampuni inayofunga mwaka Desemba, awamu za ushuru wa mapato ni tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba, salio kabla ya Aprili nyingine kuisha, ritani mwisho wa Juni. Ziandike kwenye karatasi moja uibandike mahali unapochania nywele.

Halafu kuna lile swali la barua. "Ijumaa saa kumi jioni imekuja barua ya KRA kudai milioni nne. Mkurugenzi yuko safarini. Utafanya nini?" Wengi hurukia mwanasheria, na kuna mmoja aliyesema ataiombea dua. Jibu la kwanza ni dogo sana: nitaandika tarehe niliyoipokea. Kwa sababu tangu tarehe hiyo una siku 30 za kuweka pingamizi, na siku haziongezeki zenyewe kwa sababu bosi yuko safarini. Kisha nitagawa lile deni mafungu mawili: tunalolikubali na tunalolikataa. Tunalolikubali hulipwa au huombewa mpango wa kulipa, maana pingamizi ambalo halijagusa sehemu isiyobishaniwa linaweza kukataliwa hata kabla ya kusomwa. Tunalolikataa nitaliandikia sababu moja moja na kuambatisha karatasi zake. Kamishna ana siku 60 za kuamua. Tusiporidhika, tuna siku 30 nyingine za kwenda kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru. Ukilieleza hivyo kwa utulivu, hata ukikosea hesabu ya siku moja, watakuona umewahi kuishika barua kama hiyo.

Kuhusu mfano wa kazi: usithubutu kubeba faili la hilo duka lenu. Kijana mmoja alikuja mbele yetu, mtanashati, akafungua kompyuta yake na kutuonyesha orodha ya mishahara ya kampuni aliyokuwa akiitumikia siku ile ile, majina na PIN zote. Jedwali lilikuwa safi ajabu. Tulimpa chai na mahamri, tukamuaga. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, lakini hata isingekuwako, nani amwajiri mtu atakayekwenda kuyaonyesha yake kesho?

Andika ukurasa mmoja wako. Duka lisilo na jina, tarakimu za kubuni, tatizo la kweli. Na la kweli unalo, mwanangu, maana umefanya kazi mahali pazuri kuliko unavyodhani. Nani anauza mchanga na kokoto? Watu wa malori, wengi hawatoi ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA. Na tangu 1 Januari 2024 gharama isiyokuwa na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi kupunguza faida ya biashara kwenye ushuru wa mapato. Duka likinunua mchanga wa 600,000 kwa karatasi za daftari, kwa kampuni inayotozwa asilimia 30 hiyo ni 180,000 ya ushuru juu ya faida ambayo hawakuipata. Eleza ulivyoligundua, ulivyozungumza na wale wenye malori (eTIMS hutumika hata kwa simu ya mkononi), wangapi walikubali na wangapi walikutukana. Waliokutukana usiwafiche.

Watakuuliza pia, kwa sauti ya chini, "Bosi akikwambia mwezi huu punguza mauzo kidogo, utafanyaje?" Hapo usihubiri. Anayehubiri hapo humtia shaka kila mwenye nywele nyeupe. Sema utamwandikia hesabu mbili kwenye karatasi moja: ushuru wa leo, na ushuru uo huo ukigunduliwa baadaye, pamoja na faini na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Kisha sema jina lako halitawekwa kwenye ritani ya uongo. Maneno mawili, unyamaze.

Na feri. Kama mahojiano ni saa tatu, saa moja uwe umeshavuka. Yeyote aliyekulia ng'ambo ile anajua feri haina habari na digrii yako.

*Bi Mkubwa, salaam aleikum. Mimi ni baba wa watoto watatu, miaka 38, mkaazi wa Changamwe. Nimekuwa karani wa forodha kwa miaka 11, nimejaza entri tangu mfumo wa Simba mpaka huu wa iCMS, na nimeshinda kwenye yadi za kontena juani. CPA niliifikisha katikati nikaacha kwa ajili ya karo za watoto. Kampuni inayoagiza vipuri vya magari imeniita kuhojiwa, nafasi ya ushuru wa ndani. Nitakaa kwenye benchi na vijana wa chuo kikuu. Huu upungufu niufiche vipi?*
*Baba Watatu*

Wa aleikum salaam, kaka. Usiufiche. Sema umefikia sehemu gani ya CPA na unakusudia kufanya mtihani gani unaofuata, mwezi gani. Ukitaka cheti cha haraka zaidi kinachoshabihiana na unachokijua, shule ya KRA ya mafunzo ya ushuru, KESRA, ina tawi hapa hapa Mombasa. Basi, tumemaliza na upungufu.

Tuje kwenye utajiri wako. Wale vijana wanajua kwamba VAT iliyolipwa bandarini hudaiwa kwenye ritani. Wanaijua kwa kusoma. Wewe umeishika ile entri mkononi. Unajua mstari gani una thamani ya bidhaa pamoja na bima na nauli, na kwa nini kipuri kile kiliwekwa bendi ya asilimia 25 badala ya 10 ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki. Unakumbuka bendi ya 35 ilipoingia Julai 2022 na kelele zilizokuwako. Unajua nani alikosea, na entri ikarekebishwa vipi. Mwagizaji wa vipuri analipa VAT nyingi bandarini kuliko mahali pengine popote, na kila shilingi yake ina miezi 6 tu ya kudaiwa baada ya kipindi ilicholipwa. Ikipita, imekwenda. Waambie kazi yako ya kwanza itakuwa kuweka orodha ya entri zote za miezi 6 iliyopita kando ya ritani za VAT, moja moja, uone ipi haikudaiwa.

Na uwaulize PIN iliyo kwenye entri ni ya nani. Hapa ndipo watakaponyamaza vijana wa benchi. Wafanyabiashara wengi huleta mali kwa kontena za kuchanganya, mzigo wa watu ishirini ndani ya kontena moja, na entri ikatolewa kwa PIN ya aliyewakusanya. Mwenye vipuri amelipa VAT yake kupitia kwa mtu, lakini karatasi haimtambui. Hawezi kuidai, na akiuza anatoza VAT kamili. Hasara hiyo wewe umeiona kwa macho kwenye yadi, nao wanaisoma kama hadithi.

Neno moja usiliseme hata wakuchekee vipi: "Pale Forodha mimi najulikana." Najua limekaa ncha ya ulimi, maana mtu wa yadi hujivunia watu wake. Wakilisikia wataelewa kitu kingine kabisa. Sema unazijua taratibu za forodha, basi.

*Bi Mkubwa, mimi sina maneno mengi. Wakiniuliza nataka mshahara gani nitaje ngapi? Mkononi nataka 45,000.*
*Kijana wa Kisauni*

Hata mimi nakujibu kwa ufupi: taja 60,000, na useme ni kabla ya makato. Mtu wa ushuru anayetaja mshahara wa mkononi ameshafeli swali ambalo hakujua ameulizwa.

Tupige pamoja, kwa viwango vya 2025, maana huenda wakakupa kalamu papo hapo. Kwenye 60,000 toa NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6, ni 3,600. Toa bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, ni 1,650. Toa ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, ni 900. Imebaki 53,850, na hiyo ndiyo inayotozwa ushuru. 24,000 za kwanza kwa asilimia 10, ni 2,400. 8,333 zinazofuata kwa 25, ni 2,083.25. Zilizobaki 21,517 kwa 30, ni 6,455.10. Jumla 10,938.35. Toa nafuu ya kila mwezi ya 2,400. PAYE yako ni 8,538.35, na mkononi unashika 45,311.65. Zile 311 nunua viazi karai.

Mtego wake uko hapa: kabla ya tarehe 27 Desemba 2024, SHIF na makato ya nyumba hayakuwa yakitolewa kwanza kabla ya kutoza. Anayetumia jedwali la zamani la Excel atamkata mfanyakazi zaidi ya haki. Mhojaji mjanja atakupa jedwali hilo hilo la zamani, ulisahihishe.

*Bi Mkubwa, shikamoo mama. Nakuandikia kutoka Mtwapa. Nilikuwa mhasibu katika kampuni moja, nikaachishwa kazi kwa sababu ya faini za PAYE. Ukweli ni kwamba kila mwezi tarehe 9 nilikuwa nikimwambia mkubwa wangu alipe, ananiambia ngoja wateja walipe. Nikangoja. Miezi minne faini zikaja, yeye akasema mimi ndiye mzembe. Sasa nina mahojiano mengine na najua watauliza kwa nini niliondoka. Nikisema ukweli nitaonekana namsengenya, nikinyamaza nitaonekana mwizi.*
*Aliyengoja*

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma mara mbili, nikaiweka, nikatoka barazani nikarudi. Ningetaka kukwambia huna kosa. Lakini unalo, dogo, na ni afadhali ulijue wewe kabla hujaambiwa na mgeni.

Pesa hazikuwa zako, hilo ni kweli. Mkubwa ndiye mwenye hundi. Ila kuwasilisha ritani na kulipa ni mambo mawili. Ritani ya PAYE ungeiwasilisha tarehe 9 hata kama akaunti ya kampuni ilikuwa kavu kama chumvi. Kuchelewa kuiwasilisha kuna faini yake peke yake, asilimia 25 ya ushuru au 10,000, ile kubwa zaidi ndiyo inayoshika. Kuchelewa kulipa ni asilimia 5, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Tuseme PAYE ya mwezi ilikuwa 200,000. Ritani iliyochelewa pekee ni 50,000, pesa ambazo zingeokolewa bila senti moja, kwa kubonyeza tu kwenye iTax. Kuchelewa kulipa ni 10,000 na 2,000 za kila mwezi. Tazama ipi ilikuwa kubwa katika hizo faini mbili.

Kwa hivyo ukiulizwa sema hivi, kwa maneno yako: "Kampuni ilikuwa na ukosefu wa pesa, ushuru ukachelewa kulipwa. Kosa langu ni kwamba nilingoja malipo ndipo niwasilishe ritani. Sikujua kuvitenganisha. Sasa nawasilisha kwanza, halafu namwandikia mkurugenzi barua pepe yenye kiasi na tarehe." Mkubwa wako wa zamani hukumtaja hata kidogo, na aliyekaa upande wa pili ameelewa kila kitu. Hiyo barua pepe ndiyo iliyokosekana miezi ile minne. Ulikuwa ukimwambia kwa mdomo, na mdomo hauna tarehe.

Wakikuuliza mlipata faini ya kiasi gani, usitaje. Hiyo ni siri ya kampuni ile hata kama ilikutendea vibaya. Mimi nikiwa mhojaji, hapo ndipo ningeandika alama yangu.

Na kuhusu kuonekana mwizi: nani amekuambia? Niliwahi kumwajiri mama mmoja aliyeachishwa kwa jambo linalofanana na lako. Alikaa nasi miaka kumi na miwili. Kila tarehe 7 alikuwa akinikera na karatasi yake ya PAYE mpaka nikawa najificha chooni.

*Bi Mkubwa, nitavaa nini? Natoka Bamburi, mahojiano ni Moi Avenue saa nane mchana, na suti yangu ni ya sufu niliyonunuliwa na mjomba Nairobi. Dada yangu naye ana ya kwake wiki ijayo, anauliza kama buibui litamnyima kazi.*
*Sisi Wawili*

Dada avae buibui lake, safi, limepigwa pasi, na viatu ambavyo anaweza kupandia ngazi, maana lifti za majengo ya Moi Avenue nazijua. Nimefanya kazi mjini humu miaka yote hiyo kwa buibui, na hakuna afisa wa KRA aliyewahi kuniambia silioni salio la VAT kwa sababu yake. Kama mahojiano yake yamewekwa Ijumaa saa sita na nusu, apige simu aombe saa nyingine. Hapa Mombasa watamwelewa, na huenda waliosahau wakamshukuru.

Wewe mwenye sufu: saa nane mchana, kwa jua la Mombasa, utafika umeiva. Vaa shati jeupe la mikono mirefu na tai. Koti libebe mkononi ndani ya tuktuk, ulivae ukishafika mlangoni. Beba kitambaa cha jasho, kikokotoo chako ulichokizoea, na kalamu mbili. Moja wataiazima.